Kuweka seli kwa kliki ndani ya KLayout, mbona hazikai kwenye mstari?

Swali limetoka kwa kijana wa Lindi mjini: "Shikamoo kaka. Najifunza kuchora chipu kwa KLayout, programu ya kuchorea chipu, na maktaba ya SKY130, yenye seli (vipande vya saketi vilivyochorwa tayari). Nimeandika skripti ya Python niweke seli kwa kubonyeza mausi, inaweka kweli, ila zinakaa hovyo, mara zinaacha nafasi mara zinapandana. Nimejaribu kupanga kwa kutumia bbox ya seli lakini wapi."

Marahaba mdogo wangu. Umenigusa maana hilo la bbox na mimi lilinikalisha siku mbili hapa Mtwara, nikadhani mausi ndo ina shida.

Anza hapo hapo kwenye bbox. Hiyo inakupa boksi la kila kilichochorwa ndani ya seli, na kwenye sky130_fd_sc_hd, ndiyo maktaba ya seli zenyewe, vitu vinatoka nje ya mpaka wa seli makusudi kabisa, ili seli jirani zigusane. Chukua inv_1, seli ndogo ya kugeuza 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0, upana wake halisi ni mikromita 1.38 na kimo 2.72, lakini ukipima bbox unapata 1.76 kwa 3.20, kwa sababu nwell (eneo la silikoni zinapokaa transista za PMOS) inazidi 0.19 kila upande na njia za umeme za metali zinazidi 0.24 juu na chini. Sasa ukipanga kwa 3.20 lazima ziachane, ndo hizo nafasi unazoziona. Mpaka wa kweli upo kwenye leya 235/4, pima huo.

Halafu usiamini kidole chako. Wazee huku wakipanda mikorosho wanavuta kamba kwanza, shimo linachimbwa penye alama ya kamba hata kama mguu umekanyaga pembeni. Kliki nayo ni mguu tu, wewe ndo uvute kamba: kwa mlalo hatua ni 0.46, kwa wima mstari mmoja ni 2.72. Na mistari ya namba witiri lazima uipindue juu chini, maana kila seli ina VGND (njia ya ardhi) chini na VPWR (njia ya umeme) juu, ukizipanga zote zimesimama vilevile basi VPWR ya mstari wa chini inalaliwa na VGND ya mstari wa juu, hiyo ni shoti, na kwenye chipu shoti hairekebishwi na mtu. Ukishapindua VPWR inakutana na VPWR mwenzake. Ila seli ikipinduliwa inaangukia chini ya sifuri, kwa hiyo uinyanyue kwa kimo chake, hapa ndo wengi wanapotea:

x = round(p.x / 0.46) * 0.46
n = math.floor(p.y / 2.72)
if n % 2 == 1:
    t = pya.DTrans(0, True, x, (n + 1) * 2.72)
else:
    t = pya.DTrans(0, False, x, n * 2.72)
view.transaction("Weka seli")
juu.insert(pya.DCellInstArray(seli.cell_index(), t))
view.commit()

Hiyo p ni pale mausi ilipobonyeza, inakuja kwa mikromita tayari, usiigawe tena kwa dbu, kile kipimo kidogo cha ndani cha faili. Nayo juu ni seli kubwa unayoichora, seli ni ile unayoiweka. Na transaction na commit usiziache jamani, bila hizo Ctrl+Z haikusaidii na ukikosea seli moja unaanza kuifuta kwa mkono.

Mistari hiyo inakaa ndani ya mouse_click_event ya plagini yako, ile inayorithi pya.Plugin. Angalia prio kwanza, inayosema kama ni zamu ya zana yako, ikiwa ni False rudisha False uwaachie wengine, na ukishaweka seli rudisha True, la sivyo kliki ileile inaendelea kwa zana nyingine na unaona vitu vinachaguliwa vyenyewe. Pia ile PluginFactory, inayoisajili plagini na kuweka kitufe chake, ishikwe kwenye variabo ya nje, ukiitengeneza bila kuishika Python inaifagia na kitufe chako kinakufa bila hata ujumbe wa kosa.

Kitu kimoja nakuomba uongeze japo hukuuliza: kwenye mouse_moved_event piga hesabu hiyohiyo, halafu chora pya.Marker yenye boksi la 1.38 kwa 2.72 pale seli itakapoangukia. Ukisogeza mausi unaliona boksi linaruka hatua kwa hatua, jicho linajua kabla kidole hakijabonyeza, kazi inaenda haraka sana. Marker nayo ishike kwenye self.

Ukimaliza weka inv_1 mbili, moja mstari wa sifuri moja mstari wa kwanza juu yake, kuza picha penye y = 2.72 uangalie metali. Ukiona VPWR mbili zimelaliana zimekuwa ukanda mmoja wa 0.48, kuanzia 2.48 mpaka 2.96, endelea na mstari mzima.