Ukihamishia duka klaudi, ufunguo anao nani?

Wiki iliyopita kuna dada mmoja wa Nachingwea, anauza pembejeo, kaniandikia inboksi: "Dada, naambiwa niachane na madaftari nihamishie kila kitu klaudi, wewe si unatumia, unanishaurije?" Nikamwambia subiri nitaandika, maana jibu lake halienei kwenye meseji, na kusema kweli kidonda changu bado kibichi.

Kwanza mjue mimi sio muoga wa teknolojia. Duka langu la vifaa vya ujenzi liko Mtwara mjini, tawi liko Tandahimba, na mtaani kwetu nadhani mimi ndio niliwahi kuachana na kauntabuku, mwaka 2021. Raha yake wee! Nimekaa zangu Mtwara, nafungua simu, naona Tandahimba asubuhi hii imetoka mifuko mingapi ya simenti, nondo zimebaki ngapi, nani kakopa bati. Wenzangu walinicheka mwanzoni, nikiwaonyesha simu wananyamaza. Nimetamba nayo miaka mitatu, sifichi.

Kwa asiyejua, klaudi haiko angani. Ni kompyuta za watu wengine, ziko kwenye jengo lao huko Afrika Kusini au Ulaya au Marekani, wewe unakodi nafasi na kufika kule unapita kwenye intaneti. Usalama wao mkubwa tu, sio kama laptopu yangu iliyomwagikiwa chai mara mbili. Ila njia ya kufika huko ndio imekushika.

Hiyo njia niliijua Mei 2024. Watu wa kusini ule mwezi mnaukumbuka. Kimbunga Hidaya, mvua, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, bati zangu zikalala njiani. Nikiwa bado nabishana na madereva, Jumapili tarehe 12 na intaneti nayo ikaondoka, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zimekatika upande wa Afrika Kusini. Yaani tumekatikiwa nchi kavu, tumekatikiwa na baharini. Nafungua mfumo, kaduara kanazunguka tu. Mzigo upo dukani naushika kwa mkono, bei siijui, kwa sababu bei zote niliziweka humo! Tukawa tunaandika mauzo nyuma ya maboksi ya misumari. Baadaye mtandao ukarudi, nikasema mipango ya Mungu, nikaendelea kama kawaida. Sikujifunza chochote.

Kilichoniumiza chenyewe kikaja msimu wa korosho wa mwaka huohuo. Biashara ya huku mnaijua, mtu anachukua bati Julai anaezeka, anakwambia nitalipa korosho zikilipwa, minada inaanza Oktoba, hela inapitia chama cha msingi inaingia benki, ndio anakuja. Kwa hiyo madeni ya miezi mitano yote yalikuwa kwenye mfumo. Asubuhi moja ya Novemba nafungua, akaunti imefungwa.

Kumbe hata akaunti haikuwa yangu. Aliyeifungua ni mtoto wa dada yangu, kijana mzuri, kompyuta anaijua, akatumia imeili yake, laini yake, kadi yake ya benki, mimi kazi yangu kumtumia hela kila mwezi. Tulianza na dola 29, kama elfu sitini na saba hivi. Kila nikiongeza muuzaji na wao wanaongeza dola, halafu dola yenyewe 2024 ikapita shilingi 2,600, nikajikuta natoa laki na nusu na ushee kwa mwezi na wala sijawahi kukaa chini nikapiga hesabu. Kijana akapata kazi Dar, laini ikapotea, hela ninayotuma anatatulia shida zake kwanza, atalipa kesho, kesho haifiki. Notisi za kukatiwa zinaenda kwenye imeili asiyoifungua. Nilipompata ananiambia, "Mama mdogo nisamehe, nilijua watasubiri." Nani asubiri? Mashine haina mjomba.

Nikawaandikia wenye mfumo. Wakajibu kwa adabu kabisa kwamba hawawezi kuongea na mimi, mwenye akaunti ni mwingine. Namba za uthibitisho zinatumwa kwenye laini iliyopotea. Siku kumi na tisa mimi sijui nani ananidai wala nani namdai.

Nikahamia Tandahimba. Siku ya pili kaja mzee mmoja na bahasha ya benki mkononi, "Mwanangu, nimekuja kulipa, nadaiwa ngapi?" Hebu fikiria, mwenye duka unaulizwa hivyo, na wateja wengine wamesimama wanasikiliza. Nikamgeuzia, "Shikamoo baba, wewe unakumbuka ngapi?" Akaangalia dari, akahesabu vidole, akasema laki na themanini na tano. Nikapokea, nikamshukuru. Mfumo ulipofunguka nikaona ni laki mbili na sitini na tano. Elfu themanini imeenda hivyo. Alisahau au aliniona, sijui, sijawahi kumuuliza. Na huyo afadhali alikuja, kuna wengine saba waliposikia mtandao wa mama umekufa wakabadili njia, hata salamu sikuzipata.

Sasa dada yangu wa Nachingwea, hamia, sikukatazi. Lakini imeili iwe yako. Namba ya simu iwe yako, kadi iwe yako, paswedi uijue wewe. Hivi hati ya kiwanja ungempa kijana aandikishe jina lake kwa sababu yeye anajua njia ya ardhi? Sisi wenye biashara tuna ugonjwa wa kusema "hayo mambo kijana anayajua," halafu tukilia tunamlaumu kijana. Mimi nilimlaumu sana, mpaka dada yangu tukanuniana, na kosa nusu lilikuwa langu. Sawa, robo tatu.

Na nakala ukae nayo mwenyewe. Usiniambie kampuni ni kubwa. Machi 2021, mwaka uleule najiunga, moto uliteketeza jengo la kompyuta za klaudi la kampuni ya OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja ambao vitu vyao havikurudi tena. Mei 2024, mwezi wetu uleule wa mabalaa, mfuko wa pensheni wa Australia unaoitwa UniSuper, wanachama zaidi ya laki tano, mifumo yao iliyokuwa kwenye klaudi ya Google ilifutika kwa kosa la upande wa mtoa huduma. Kilichosaidia kuwaokoa ni nakala walizoweka pembeni, ikiwemo kwa kampuni tofauti. Mimi siwezi kulipa kampuni mbili, kwa hiyo kila Jumamosi jioni nashusha orodha ya madeni kwenye Excel, naweka kwenye flashi, naprinti, karatasi inakaa kwenye droo. Dakika kumi.

Halafu nilikuwa napiga picha vitambulisho vya NIDA vya wakopaji naweka humohumo, vinalala nchi gani hata sijui. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 2023, na kupeleka taarifa za watu nje ya nchi kuna masharti yake. Nimeacha. Na narudia, imeili iwe yako.

Juzi yule mzee kaja tena, anataka bati kumi. Nikamwingiza kwenye simu, nikamwambia tayari baba. Hakuondoka. "Na kwenye daftari, mwanangu." Nikatoa kauntabuku, nikaandika jina, bati, bei, tarehe. Akaniomba nimsomee, nikamsomea, ndio akaenda kuita bodaboda.