Maswali ya wasomaji: Arifa zangu watu wanazizima, nakosea wapi?

SWALI: Shikamoo kaka mhariri. Natengeneza apu ya kuwakumbusha watu kumeza dawa. Mwanzo arifa ilikuwa moja tu, wakasahau, nikaongeza mlio, nikaongeza mtetemo, nikaweka na kidirisha kinachofunika skrini nzima, sasa wanazima arifa zote kabisa. Cha ajabu nikiwaita kuijaribu wote wananiambia iko poa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tuanze na hapo kwenye kujaribu maana ndo penye shida. Ukimkalisha mtu, ukampa simu mkononi ukamwambia haya angalia arifa inakuja, ataiona, kwani ana kazi gani nyingine? Lakini huko kwake arifa inamkuta anaendesha gari, anabembeleza mtoto, yuko kwenye kikao. Arifa siku zote inamkuta mtu na shughuli yake, kwa hiyo mpe shughuli. Mwambie anakili ukurasa mmoja wa maandishi kwenye simu hiyohiyo, mara ya kwanza bila arifa yoyote, mara ya pili ukurasa mwingine wa urefu uleule huku unamtupia arifa kwa wakati asioutarajia (na wengine waanzie na ile yenye arifa, usije ukapima mazoea tu). Halafu pima vitu vitatu: kazi yake imechelewa na kuharibika kiasi gani, amechukua sekunde ngapi kuigusa arifa na amegusa kitufe sahihi au la, na mwisho ficha simu umuulize ilisema dawa gani, vidonge vingapi. Hapo ndo utajua, ile "iko poa" ni adabu tu.

Hivyo vitatu sijavitunga mimi. McCrickard na Chewar, watafiti wa namna watu wanavyotumia kompyuta, waliviandika mwaka 2003: kukatiza, kuitikia na kuelewa. Kila arifa unaamua kabla hujaichora unataka kila kimoja kiwe juu au chini. Ya "meza dawa sasa" ikatize sana na iitikiwe haraka. Ya "vidonge vimebaki 6" haina haja ya kumshtua mtu, ikae kimya kwenye orodha aione akipata nafasi. Wewe naona umezipa zote mlio uleule, basi yule aliyechoshwa na habari za vidonge kubaki amezima na ya kumeza dawa. Tangu Android 8 ya mwaka 2017 unaweza kuzigawa kwenye chaneli, yaani makundi ya arifa, mtu akazima moja akaacha nyingine, itumie hiyo.

Sasa maneno yenyewe. Kwenye picha uliyotuma nimesoma "Una taarifa mpya, bonyeza hapa kuona zaidi". Taarifa gani sasa? Andika "Saa 2 usiku: kidonge 1 cha presha, baada ya kula", chini weka "Nimemeza" na "Nikumbushe baada ya dakika 10". Ila hapa kuna mtego na mimi mwenyewe niliwahi kunaswa: simu ikiwa mezani imefungwa, kila anayepita anasoma kwamba mwenye simu anameza dawa fulani, na kuna dawa mtu hataki hata mwenzie wa chumba azijue. Kwa hiyo simu ikiwa imefungwa ionyeshe "Ni saa 2, muda wako umefika" basi, jina la dawa litokee akishaifungua. Utapoteza kidogo kwenye kuelewa, sawa, lakini ukikataa kupoteza hapo utampoteza mtumiaji mwenyewe. Na hivyo vitufe viwili usivibananishe, mtu akibonyeza "Nimemeza" kwa bahati mbaya apate pa kutengua, la sivyo dozi imeruka na apu inamsifia.

Kingine, Android 13 ya mwaka 2022 inakulazimisha uombe ruhusa ya kutuma arifa. Usiiombe apu inapofunguliwa tu mara ya kwanza, subiri aweke saa ya dozi yake ya kwanza, hapo anaelewa unaiombea nini.

SWALI: Bosi wetu anataka kila onyo kwenye mfumo wa kusimamia seva liwe jekundu na lipige kengele, eti ili tusipitwe na kitu. Nimjibuje?

JIBU: Mkumbushe ajali ya kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, mwaka 1979. Dakika chache za mwanzo zililia kengele zaidi ya 100, na hakukuwa na namna ya kunyamazisha zisizo na maana ili waendeshaji wazishughulikie zenye maana. Kengele zilikuwepo, tena nyingi mno. Pia wapo wanaume wengi tu ambao nyekundu na kijani kwao ni kitu kimoja, kwa hiyo rangi isibebe ujumbe peke yake, weka na alama na neno. Akikataa, chukueni maonyo ya wiki moja mhesabu ni mangapi mtu alifanya kitu baada ya kuyaona, mwekee hiyo namba mezani.

SWALI: Ile namba nyekundu juu ya ikoni ya apu, niiweke au niiache?

JIBU: Kama inahesabu watu wanaomsubiri ajibu, weka. Kama inahesabu matangazo yako, acha bwana.