Arubuni Umeshaitoa, Ruhusa Unakuja Kuiomba Kwangu

*Asalaam alaykum Shangazi. Mimi ni mwanamme wa miaka 38, nakaa Fuoni, nimeoa miaka tisa na tuna watoto watatu. Tumejaaliwa kuweka pesa ya kununua gari. Moyo wangu umeangukia BMW 320i ya mwaka 2013, nyeusi, viti vya ngozi. Mke wangu ameshikilia Toyota Premio ya 2012, gari ya kila mtu, ukisimama Darajani unazihesabu mpaka unachoka. Bei zao zimepishana kidogo tu. Nikimwambia bahati kama hii haiji mara mbili, ananuna. Wiki ya pili sasa analala chumba cha watoto. Mwenyewe kuendesha hajui sawasawa, basi ubishi wa nini? Watoto anawapeleka skuli kwa Noah ya kaka yake, na kichochoro chetu ni chembamba, lazima akunje vioo ndipo apite. Mama yangu, ambaye anakaa na sisi na anaumwa na magoti, anasema mke kanipanda kichwani. Kweli alichangia bangili zake na pesa za karafuu alizogaiwa kwao Wete, lakini mwanamme ndiye mwenye nyumba. Mwenzangu wa ofisini kanunua Benz, na sasa hata salamu yake imebadilika. Nimeshatoa arubuni kidogo ili gari isichukuliwe. Je, sina haki ya kuendesha gari ninayoipenda?*

*Mwenye Kero, Fuoni*

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Najua hamu ya kitu ulichokitamani tangu ujana, na najua kitanda kinavyokuwa kipana mtu akilala peke yake. Pole. Hapo pole yangu inakoma, maana barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiisoma namwona mkeo kuliko ninavyokuona wewe.

Umeandika kwamba kuendesha hajui sawasawa. Mstari unaofuata umeandika kwamba yeye ndiye anayepeleka watoto skuli, anafika kichochoroni, anakunja vioo, anapita. Mtu anayeipitisha Noah mahala kama hapo kila asubuhi, watoto watatu nyuma wanagombania dirisha, huyo kuendesha anajua. Anajua kuliko wengi wanaokaa barazani na kikombe cha kahawa wakisifia magari ya watu.

Nikateremka mpaka chini ya barua, ndiko ulikoificha: arubuni umeshaitoa. Kwa hivyo mimi hukuniuliza gari ipi. Gari umeshachagua, kwa siri, na sasa unamtafuta mtu mzima wa kukwambia umefanya vyema ili ukamwonyeshe mkeo gazeti. Mkeo amehamia chumba cha watoto wiki ya pili. Arubuni ina wiki ngapi? Hukusema. Nadhani ameshajua, na kilichomtoa kitandani ni hicho, si rangi nyeusi wala viti vya ngozi.

Sasa tuzungumze pesa. Unasema alichangia bangili zake na pesa za karafuu, umelipitisha hilo haraka kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Mimi nitasimama hapo. Bangili za mwanamke wa kwetu mara nyingi ndizo mahari yake, au ndizo alizovishwa na mama yake. Na karafuu, mwanangu, wewe umezaliwa visiwani, unajua zinavyopatikana. Mtu anapanda juu ya mkarafuu, zinachumwa, usiku watu wanakaa ukumbini wanachambua makonyo mpaka vidole vinakuwa vyeusi, asubuhi zinaanikwa kwenye majamvi, wingu likitanda kila mtu anakimbilia kuanua. Wachumaji wanalipwa kwa pishi. Zikikauka ndipo zipelekwe kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na kinachobaki wanagawana warithi. Fungu la mwanamke hapo halikuwa kubwa. Alilitoa likaingia kwenye gari.

Na dini yetu iko wazi: mali ya mke ni ya mke. Suratun Nisaa, aya ya 4, inataka wanawake wapewe mahari yao, na wakitoa kitu katika hayo kwa ridhaa ya nafsi zao, hapo ndipo mume ale kwa raha. Ridhaa ya nafsi yake. Yeye aliridhia Premio. Hakuridhia BMW. Unasema mwanamme ndiye mwenye nyumba, na mimi sikukatalii, lakini mwenye nyumba ndiye anayedaiwa matumizi ya nyumba hiyo. Hakuna mahala palipoandikwa kwamba anadai bangili.

Nije kwenye gari zenyewe, maana sitaki useme Shangazi kaongea kama mtu asiyejua chuma. BMW 320i ni gari nzuri. Inasukumwa na matairi ya nyuma, uzito wake umegawika karibu sawa mbele na nyuma, ndiyo maana ikikata kona hutulia kama jahazi lenye shehena iliyopangwa vyema. Gea nane. Anayeipenda hana kosa.

Lakini jiulize kwa nini ya 2013 inauzwa karibu sawa na Premio ya 2012. Zilipokuwa mpya huko Japani, BMW hiyo ilikuwa karibu mara mbili ya bei ya Premio. Aliyeinunua mwanzo ndiye aliyekula hasara, na hapo ndipo penye mtego. Bei ya kununulia imeshuka, spea hazikushuka. Spea ya gari iliyokuwa ghali ni ghali mpaka siku inapokwenda kwenye chuma chakavu. Utakuwa umenunua kwa bei ya mtumba, unatengeneza kwa bei ya kitu kipya, na mshahara wako ni ule ule.

Nilimuuliza fundi anayetutengenezea gari, kijana mtulivu asiyepiga porojo. Akanambia 320i za miaka hiyo zina injini ya turbo wanayoiita N20, na zilizotengenezwa kuanzia 2012 mpaka 2015 zinajulikana kwa ugonjwa wa taiming cheni, ile inayopanga mwendo wa vyuma ndani ya injini: vile vipande vya plastiki vinavyoishikilia cheni huliwa, vikavunjika, na cheni ikiruka injini imekwisha. Akanambia sikiliza, ikiwa injini inalia kwa sauti nyembamba kama mbu, ondoka. Halafu matairi. Yanatoka kiwandani yakiwa ya namna inayokwenda hata yakitoboka, kiasi cha kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80, na kwa sababu hiyo gari haiwekewi tairi la akiba. Ukuta wa tairi hilo ni mgumu, shimo dogo unalisikia mgongoni. Likichanika Makunduchi usiku, na mke na watoto ndani, utafungua buti ukute zulia. Hata betri ukibadilisha, kompyuta ya gari inataka kuarifiwa. Premio likivuja tairi unatia la akiba, unafuta mikono, unakwenda zako.

Premio nayo si malaika. Gea boksi yake ni CVT, ile isiyo na gea za kuhesabu, haitaki oili ya kubahatisha, na muuzaji akikwambia imetembea kidogo mtake karatasi ya mnada wa Japani ulinganishe na kilomita za kwenye dashibodi. Lakini injini yake ya lita 1.8 inajulikana na kila fundi kisiwa hiki, na spea unashuka mjini asubuhi, adhuhuri umeshazitia. Hilo unalolidharau, kwamba ni gari ya kila mtu, ndilo linalokupunguzia gharama. Kwa kuwa ni ya kila mtu, kila mtu anajua kuitengeneza.

Na kichochoro chako? Ulikitaja mwenyewe. Premio upana wake ni milimita 1,695, Wajapani waliibana chini ya mita 1.7 kwa makusudi. Noah nyingi za kawaida ziko hapo hapo. BMW hiyo, hata iliyotengenezewa soko la Japani na kupunguzwa vitasa vya milango ili iwe nyembamba, ni milimita 1,800. Sentimita 10 na nusu zaidi. Kama Noah inakunja vioo, wewe utakunja nini? Chukua futi leo, ukapime ukuta kwa ukuta, kisha utanambia kama mkeo alikuwa akibisha au alikuwa ameshapima.

Nafikiri ameshapima. Na si kichochoro tu.

Mfunguo Pili uliopita nilikwenda harusini Bububu, nikapewa lifti na gari ya chini namna hiyo, nzuri, inang'ara. Kuingia niliingia, kwa kuanguka. Kutoka ndiko kulikokuwa na kazi. Magoti yakagoma, buibui limebanwa na mlango, mkono mmoja kwenye kiti mwengine umemshika mpwa wangu, mpaka akaja mtu wa pili kunivuta. Nina miaka yangu, namshukuru Mungu, lakini siku ile nilihisi maumivu hasa. Nikasoma kwamba mama yako anaumwa na magoti na anakaa nyumbani kwako. Nani atampeleka hospitali? Ni huyo huyo anayepeleka watoto skuli. Mama yako anasema mke kakupanda kichwani, na huyo mke anagombania gari ambayo mama yako ataweza kushuka. Mwambie hivyo. Mwambie kwa sauti, mkeo akisikia.

Ulilolisema kweli kuliko yote ni la Benz ya ofisini. Salamu imebadilika. Mwanangu, wewe hutaki gari, unataka salamu. Na salamu ya namna hiyo haina mwisho, maana ukija na BMW atakuja mwengine na kubwa zaidi. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na heshima iliyonunuliwa kwa bangili za mke ni ya kuazima.

Ndoa za siku hizi zinanitia huzuni kwa jambo hili moja. Watu wanaishi kwa ajili ya macho ya nje. Harusi inakodiwa msafara wa magari, picha zinawekwa kwenye simu kabla ubani haujazimika, na nyumba waliyohamia haina hata ndoo ya pili. Wanaume wanashauriana barazani, nyumbani wanakuja kutoa taarifa. Na wanawake siwaachi. Kuna mwanamke kila harusi ya mtaa anataka sare mpya, kabati halifungi, na mumewe akisema mwezi huu hapana anaambiwa ni bahili. Mmoja anavuta kwa ajili ya mashoga zake, mwengine kwa ajili ya wenzake wa ofisini, na watoto wamekaa katikati wanasikiliza. Mkeo angeweza kutaka sare, au mshipi wa dhahabu. Ametaka gari ya kupelekea watoto skuli. Wangapi wamejaaliwa mke wa namna hiyo na hawamwoni?

Marehemu bwana wangu alikuwa na Vespa rangi ya maziwa, nikikaa ubavu nyuma yake, buibui nimelikunja chini ya goti. Siku moja alitamani pikipiki kubwa ya mtu aliyekuwa akisafiri. Alirudi nyumbani, hakula, akanikalisha ukumbini akaniuliza: "Unasemaje?" Nilisema hapana, nilikuwa na mimba ya pili na nikiogopa. Alinyamaza mpaka Magharibi, kisha akala. Mpaka leo nakumbuka lile swali kuliko vitu vyote alivyoninunulia.

Unguja kutoka kichwani mpaka mkiani ni kilomita 85 hivi. Hiyo BMW kwa mwendo wake wote ungeimaliza kwa dakika zisizofika 25, ukatumbukia baharini. Haina pa kukimbilia hapa, na barabara zetu masika ikishika unazijua.

Uliuliza haki. Haki ya kupenda gari unayo. Siku ukiinunua kwa pesa yako tupu, baada ya ada za skuli na dawa za mama, nunua, na mimi nitakuja kukupongeza. Kwa pesa hii, huna.

Fanya hivi. Mpigie muuzaji kabla ya Isha umwambie gari huitaki. Arubuni akiirudisha, mshukuru. Akiikata, ikatike, na ulipe wewe kutoka mfukoni mwako, usiguse fungu lake. Kisha nenda chumba cha watoto, wakishalala, ukamwambie ulichofanya kabla hajasikia kwa mtu. Usimwambie Shangazi kasema. Sema umekosa, kwa neno hilo hilo. Usianze na gari, anza na siri. Jumamosi mchukue mkakague hiyo Premio pamoja, fundi akiwa nanyi, na usukani mshikishe yeye muipitishe kichochoroni.

Barua ya pili nataka aniandikie mkeo. Nimesikia yako, yake sijaisikia, na mahala pake nimempa.