Mume anakimbia kilomita 42 Kasese, mimi nifanye nini?

Dada, umesema mumeo anakimbia marathoni yake ya kwanza Kasese na hutaki kukaa tu kwenye mstari wa mwisho saa nne nzima. Usikae. Pale mwisho watu watamshangilia hata usipokuwepo. Panda boda mapema, barabara zisijafungwa, ukamngoje baina ya kilomita ya 30 na 35. Hapo ndipo sukari iliyohifadhiwa mwilini huisha na miguu hugeuka mawe.

Mpangane usiku: utasimama upande gani, utavaa kitenge cha rangi gani. Wangu alinipita mara mbili akitazama lami, nami nimeshika ndizi ya bogoya iliyokwisha menywa!

Mpe alichozoea mazoezini, si kitu kipya. Maji kwa mafunda. Kuyabugia kupita kiasi nako huleta madhara. Na tafadhali usimwambie "umekaribia" kama bado kilomita kumi. Mwite jina, basi.

Akimaliza, mtembeze kidogo kabla hajaketi. Beba fulana kavu na ndala. Maswali ya muda aliotumia yasubiri chai.