Esta ya nta inakwama kwenye 80%: kosa si la kimeng'enya

Swali: Natengeneza setili palmitati (esta ya nta) kwa lipase B, kimeng'enya cha hamira Candida antarctica, kilichoshikizwa kwenye punje za resini. Nimetumia asidi palmitiki na setili alkoholi moli kwa moli, 70 °C, chupa imefungwa. Mmenyuko unasimama kwenye 80%, nikiongeza kimeng'enya hausogei, na punje zinasagika. Nitafute lipase iliyoboreshwa kijenetiki?

Jibu: Usitafute bado. Kimeng'enya huharakisha safari ya kuelekea msawazo, yaani hali ambapo esta inaundwa na kuvunjika kwa kasi sawa, lakini msawazo wenyewe hakiusogezi, hata ukikiboresha vipi. Kinachokuzuia ni maji. Gramu 256 za asidi na 242 za alkoholi zikiungana zote hutoa gramu 18 za maji, na ndani ya chupa iliyofungwa hayana pa kwenda. Tukadirie uwiano wa msawazo ukianza na moli moja moja: kwenye 80%, esta 0.8 mara maji 0.8, gawanya kwa asidi 0.2 mara alkoholi 0.2, unapata 16. Kufika 99% kwa uwiano huohuo, maji yaliyobaki yasizidi moli 0.0016, yaani kama gramu 0.03.

Kwa hiyo fungua chupa na uunganishe pampu ya ombwe. Yeyusha asidi na alkoholi kwanza, weka kimeng'enya 1–2% ya uzito, kisha shusha shinikizo taratibu hadi milibari 20–50; ukishusha ghafla, povu litapanda na punje kwenye bomba. Usiogope kukausha kupita kiasi: lipase hii hufanya kazi hata maji yakiwa kidogo mno.

Punje zinasagwa na sumaku ya kukorogea inayozunguka juu ya sakafu ya chupa. Tumia kikorogeo cha kutokea juu, au pulizia nitrojeni kavu kutoka chini, ambayo pia hubeba maji. Mwishoni chuja kwenye 70 °C hiyohiyo. Nta hii huganda karibu na 54 °C, na ikigandia ndani ya vitundu vya punje, mzunguko unaofuata utaanza kwa kusuasua.

Fuatilia kwa namba ya asidi, yaani miligramu za KOH (hidroksidi ya potasiamu) zinazohitajika kuzimua asidi iliyo katika gramu 1 ya sampuli: huanza karibu 112, kwenye 80% ni kama 23, kwenye 99% hukaribia 1. Mwishoni pima gramu 5, maana gramu 1 itatumia KOH ya 0.1 M chini ya mililita 0.3. Iyeyushe kwenye toluini na ethanoli vuguvugu. Sampuli ikiganda hunasa asidi ndani, nawe utasoma namba nzuri ya uongo.