Jibu: Tovuti ya duka la vitenge, wateja wanafungua na kuondoka

Ndugu, umesema ukurasa wa mbele una picha 20 za vitenge ulizopiga kwa simu na kuzipandisha hivyo hivyo. Tatizo liko hapo. Picha moja ikiwa na MB 3, zote ni MB 60, na mteja anazilipia kwa bando lake! Zipunguze upana hadi pikseli 800, zihifadhi kwa WebP (aina ya faili ya picha iliyo nyepesi), kila moja isizidi KB 100. Mbele weka 6 tu, bei chini ya kila moja. Bei ikifichwa, wengi hudhani ni ghali.

Kitufe cha WhatsApp kikae chini ya skrini, kidole gumba kinapofika. Kiungo ni wa.me/255 kisha namba bila sifuri ya mwanzo. Ukiiweka hiyo sifuri, gumzo halifunguki. Jaribu kwa simu ya bei nafuu, bila Wi-Fi.