Kadeti, kisia kwanza ndo uangalie mstari

Madogo wengi wakishika sukani ya meli kubwa mara ya kwanza wanashangaa, mbona gari wanaendesha freshi tu, sasa gari ukikata linakata, meli ukikata inakaa kimya kwanza, dogo anaona haijibu anaongeza, anaongeza tena, mara omo, yaani pua ya meli, inaanza kuzunguka na haikamatiki, anakimbilia upande wa pili, ukitazama nyuma povu limechora nyoka.

Ndo maana kwenye ECDIS, ile skrini ya ramani ya kielektroniki ya meli, kuna ule mstari uliopinda mbele ya meli yako. Kompyuta inachukua spidi yako na unavyogeuka sasa hivi, inakuchorea utakuwa wapi dakika chache zijazo. Wazo lenyewe la zamani, Marekani walishalijaribu kwenye nyambizi miaka ya 1960 huko, na marubani wa Airbus wanao mshale wa spidi unaoonyesha sekunde 10 mbele.

Sasa ushauri wangu. Kabla hujautazama huo mstari, sema kwa mdomo kabisa, tukifika pale boya tutalipita kulia au kushoto, halafu ndo uangalie. Ukikosa poa tu, jicho linajifunza. Ukianza na mstari unakuwa unaufukuza tu, siku skrini ikizima wewe na abiria hamna tofauti.

Patakapokufungua macho ni pale unapomaliza kona. Unarudisha sukani katikati lakini mstari bado umepinda, maana meli inaendelea kuzunguka hata sukani ikiwa sifuri, kwa hiyo inabidi upige kidogo upande wa pili kabla omo haijafika kwenye kozi, yaani uelekeo unaoutaka, na meli iliyoshiba mzigo unaiwahi mapema zaidi.

Vekta, ule mshale ulionyooka wa unakoenda, weka dakika 6. Hiyo ni sehemu ya 10 ya saa, noti 12, yaani maili 12 za baharini kwa saa, ni maili 1.2, hesabu ya kichwani hiyo, wanaoweka dakika 30 karibu na bandari sijui wanaona nini na mistari yote ile. Na ukiona mshale wa unakoenda umeachana na mstari wa omo, mkondo au upepo unakusukuma.

Ila ule mstari uliopinda unadhani kila kitu kitabaki kama kilivyo sasa hivi. Unaingia Kilindini, bandari ya Mombasa, mkondo unabadilika, wenyewe hauna habari mpaka meli ishaanza kusukumwa. Na dau la mvuvi, la mbao, halina AIS, kile chombo cha redio kinachotangaza meli ilipo, rada nayo inaweza kulikosa, kwa hiyo toa macho dirishani bana.